Jinsi Nilivyomtia Mwanyumba Wangu Ukungu

Jumatatu, 3 Juni

Nina simu mpya! Si mpya hasa. Kaka yangu amenunua nyingine, hii akanirithisha mimi, pamoja na ufa mdogo pembeni ambao mwenye roho safi hauoni.

Ina kitufe kimeandikwa Potreti. Ukikibonyeza, mtu aliye mbele anabaki mkali kama wembe, na vyote vilivyo nyuma yake vinayeyuka kuwa ukungu. Nimempiga picha mke wangu jikoni. Sufuria zisizooshwa: hazipo. Ndoo ya taka: haipo. Ukuta wenye masizi: haupo. Amebaki yeye na kitunguu mkononi, kama mke wa waziri. Kaitazama, kasema si mbaya. Mke wangu kusema si mbaya ni sawa na watu wengine kupiga vigelegele.

Nikakaa, nikawaza. Baba mkwe anatimiza miaka sabini Jumamosi hii. Anataka picha moja kubwa ya kutundika sebuleni. Na sebule hiyo, kwa sasa, ni milki ya Mnara.

Mnara ni mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu. Jina hilo nimempa mimi, moyoni. Ni mrefu, anauza vigae, na katika kila picha ya ukoo yuko katikati, meno nje. Saa ya ukutani kwa wakwe: zawadi ya Mnara. Mapazia: Mnara. Jagi na vikombe vyake sita: Mnara. Mimi niliwahi kupeleka kalenda. Mwaka wake umekwisha.

Picha hii itakuwa yangu.

Jumanne, 4 Juni

Mazoezi kazini. Mimi ni karani wa masjala, natunza mafaili, na uzuri wa mafaili ni kwamba hayamtafuti mtu akiyaacha saa moja. Nimempiga katibu muhtasi mbele ya rafu. Rafu zikawa ukungu wa dhahabu, utadhani yuko kwenye hoteli kubwa. Kafurahi! Habari zikapanda ghorofani, mkuu wa ofisi akaniita.

Mkuu alihitaji picha ya kitambulisho. Ana upara na masikio mawili makubwa yenye heshima zake. Nikampiga mbele ya ukuta mweupe, nikaituma kuchapishwa moja kwa moja, maana mtu anayejiamini hakagui kagui.

Saa tisa kitambulisho kimerudi. Simu imeamua kwamba sikio la kushoto la mkuu ni sehemu ya ukuta. Limeyeyuka lote! Mkuu kaniuliza kwa upole, na upole wake ndio unaotisha, sikio lake nimelipeleka wapi. Nikasema ndio mtindo wa siku hizi. Kasema yeye bado yuko kwenye mtindo wa zamani, ule wa mawili.

Si neno. Masikio ya baba mkwe ni ya kadiri.

Jumatano, 5 Juni

Nimejipiga mwenyewe, sebuleni kwetu. Nyuma yangu kochi, juu ya kochi nguo za wiki mbili zinazosubiri kukunjwa. Nikaongeza ukungu mpaka mwisho. Nguo zikatoweka. Nikabaki mimi, shati la bluu, na kitu kama mawingu. Nikaitupia kwenye kundi la familia bila maneno, kama mtu asiyejali.

Shemeji, mke wa Mnara, akauliza mlima ule mzuri uko wapi. Hapo ningeweza kusema ukweli. Nikasema tulitoka matembezi. Mnara akataka kujua njia, awapeleke watoto. Mama mkwe akauliza kwa nini yeye hakuchukuliwa, au siku hizi amekuwa mzigo. Nikajibu kwamba gari lilijaa. Sina gari.

Mke wangu alikuwa anasoma yote hayo kazini kwake. Aliporudi hakunisalimu. Alisimama palepale mlangoni akaandika kwenye kundi kwamba mlima huo ni kochi, na lile jeupe kileleni ni taulo. Nimekunja nguo mpaka vidole vikaota sugu.

Lakini tuseme kweli. Hakuna hata mmoja aliyejua kuwa ni nguo! Ukungu unafanya kazi.

Alhamisi, 6 Juni

Jioni tumekwenda kwa wakwe. Mnara alishafika, kiti cha karibu na mzee alishakikalia. Akatoa hoja yake: anamfahamu mpiga picha wa kweli, mwenye taa na mwavuli. Nikauliza mwavuli wa nini, kwani ndani kunanyesha? Mama mkwe akacheka. Bao la kwanza.

Kisha mzee akasema lake. Yeye ni seremala, na miaka arobaini na mitatu ameifanyia katika karakana ile ile nyuma ya nyumba. Si mtu wa maneno mengi. Alisema magoti yamemshinda, hawezi tena kusimama kwenye benchi. Zana zake zote amezitoa zawadi kwa chuo cha ufundi, na gari linakuja kuzichukua Jumapili asubuhi. Jumatatu karakana inapigwa chokaa, baadaye mama mkwe ataweka kuku. Kwa hiyo hataki taa wala mwavuli. Anachotaka ni kupigwa picha mle ndani Jumamosi, zana zikiwa bado ukutani.

Hata saa ya Mnara niliiona kama imesita.

Nikainuka nikasema, "Baba, hili niachie mimi." Akasema, "Haya, mwanangu." Mwanangu! Mnara huwa anaitwa "huyu bwana".

Huyu bwana akasema basi atakuja kusaidia. Nakujua kusaidia kwake: ni kusimama katikati. Nimewaza njiani, na kabla hatujafika nyumbani jawabu likaja lenyewe. Asifukuzwe! Awekwe nyuma. Hatua tatu nyuma ya mzee, ndani ya ukungu kabisa. Atakuwa kwenye picha, na hatakuwamo.

Nimecheka peke yangu barabarani. Mke wangu akauliza kulikoni. Nikamwambia ni furaha ya kuwa na familia.

Jumamosi, 8 Juni

Siku yangu!

Mzee alikuwa tayari tangu asubuhi: koti lake la kazi limefuliwa na kupigwa pasi, penseli nyuma ya sikio. Karakana ilinukia gundi na maranda. Ukuta wote wa nyuma ni zana. Misumeno mitano kuanzia mkubwa hadi mdogo, randa, nyundo, patasi zimepangwa kama vijiko. Na juu, kwenye plasta, vipimo vya penseli vya miaka yote hiyo: upana wa kabati la fulani, kitanda cha harusi ya fulani. Mzee alikuwa anavisoma kimoyomoyo, midomo inacheza.

Mnara akaja na suti. Nikamwambia kwa sauti ya asali kwamba mahali pa heshima ni nyuma, kwenye benchi, karibu na zana za mzee. Nilitegemea mabishano. Akasema, "Ndugu yangu, hapo umenipa pakubwa." Akavua koti la suti, akaomba ruhusa ya mzee, akaishika randa kwa mikono miwili. Nikamsogeza hatua moja zaidi nyuma. Na nyingine. Mgongo ukagusa ukuta.

Mama mkwe tulimwita, akakataa. Nywele hazijasukwa, hapigwi picha na kichwa kama hicho. Akaenda zake jikoni.

Nikaupandisha ukungu hadi mia. Nikapiga moja. Mzee alikuwa anatabasamu kidogo tu, upande mmoja wa mdomo, na macho yana maji kidogo. Picha moja ilitosha. Mke wangu akasema nipige hata tatu, akiba haiozi. Nikamwambia fundi hapigi msumari mara mbili.

Mchana nimeichapisha, kubwa, kama trei ya chai. Uso wa mzee: kila mkunjo unahesabika! Mnara: nguzo ya rangi ya udongo isiyo na kichwa. Leo nitalala usingizi wa mtoto mchanga.

Jumapili, 9 Juni

Sijui nianzie wapi.

Gari la chuo lilikuja saa mbili, likapakia, likaondoka. Mzee alikwenda nalo mpaka barabarani, akabaki amesimama huko. Aliporudi nikaona huu ndio wakati wa kumpa faraja. Nikaifunua picha mbele ya wote.

Akavaa miwani. Akaitazama. Akaisogeza mbali, akairudisha karibu. Akauliza misumeno iko wapi. Nikamwonyesha: hapa nyuma, baba, kwenye huu ukungu wa kijivu. Akauliza na ile patasi ndogo, aliyoachiwa na marehemu baba yake, iliyokuwa inaning'inia karibu na dirisha. Nikamwonyesha doa. Akaligusa doa kwa kidole.

"Sasa hapa mimi niko wapi, mwanangu?" akauliza. "Kituo cha basi?"

Hakukasirika. Angekasirika ningejua pa kushika. Aliiweka picha mezani taratibu, kifudifudi, akatoka. Nilimwona dirishani amesimama kwenye mlango wa karakana, anatazama misumari mitupu.

Mnara aliigeuza picha akajitafuta. Akauliza ile nguzo ndiyo yeye? Nikasema ni sanaa. Tulipofika nyumbani mke wangu akasema neno moja tu, "Akiba."

Jumatatu, 10 Juni

Sikunywa chai. Nimepitia chuoni kabla ya kazi kuomba zana zirudi kwa nusu siku. Mwalimu wa useremala akanionyesha: zote zimeshapakwa namba nyekundu, na wanafunzi kumi na wawili wanazitumia. Mmoja aliishika randa kama anabembeleza paka. Nikaondoka.

Saa nne mama mkwe akapiga simu, anashangilia kwamba chokaa imekolea, ukuta unang'aa. Vipimo vyote vya penseli, kwaheri. Roho ikanishuka mpaka kwenye soksi.

Nikamsimulia katibu muhtasi, maana niliona nitapasuka. Alisikiliza huku anapiga muhuri. Halafu akaomba simu. Akaifungua picha ya mzee, akagusa mahali, kikatokea kijimstari chenye duara. Akauliza kwa nini sikuupunguza ukungu. Nikasema picha imeshapigwa. Akasema simu haijafuta kitu, imefunika tu, na kwamba hata sikio la mkuu angelirudisha siku ile kama ningemuuliza badala ya kujitia mjuzi.

Akavuta duara kuelekea sifuri.

Jamani! Karakana ikatoka kwenye ukungu kama mtu anavyotoka bafuni. Msumeno wa kwanza, wa pili, wote watano. Randa. Vipimo vya penseli, hata tarakimu zinasomeka. Penseli nyuma ya sikio la mzee, ambayo simu ilikuwa imeila nusu, ikarudi nzima. Patasi ya marehemu ikaja na mpini wake mweusi. Nikaruka. Mafaili yakaanguka. Nikamwita katibu muhtasi dada yangu wa tumbo moja.

Kisha nikaona kitu kando ya patasi. Kilikuwa sikio. Sikio la Mnara.

Jumanne, 11 Juni

Nimeshinda na kile kijimstari. Kwenye themanini, Mnara ni nguzo, zana ni matope. Kwenye hamsini, misumeno inaanza kuota meno, na Mnara naye anaota meno. Kwenye thelathini, patasi inakuja, anakuja naye. Nimejaribu thelathini na tano, thelathini na mbili, thelathini na moja. Mimi mwenyewe nilimsogeza mpaka akagusa ukuta. Yeye na zana wako mahali pamoja. Huwezi kumtoa mmoja ukungu ukamwacha mwingine.

Nikajaribu kumkata. Ukimkata Mnara unakata patasi, misumeno miwili na bega la mzee.

Na kibaya zaidi, ametoka vizuri! Hatazami kamera. Hana meno nje. Ameishika randa kama mtu aliyepewa mtoto wa watu kumshikia, na anamtazama mzee, na ile sura, nikisema kweli kwenye daftari hili ambalo hakuna atakayelisoma, ni sura ya mtu anayempenda baba mkwe wake. Hata kulia analia kwa mpangilio, chozi moja, shavu la upande wa mwanga.

Na kuna jingine. Dirishani, juu ya benchi, kuna kichwa. Mama mkwe! Hakwenda jikoni. Amechungulia, mwiko mkononi, nywele zimesimama kila upande, anamtazama mumewe na kutabasamu. Sijawahi kumwona akitabasamu hivyo. Nadhani hata mzee ana siku nyingi hajamwona hivyo.

Mke wangu amekuja nyuma yangu akatazama. Akatazama tena. Akaniuliza nangoja nini. Nikasema nachagua namba. Akaninyang'anya simu kwa upole, akavuta mpaka sifuri, akanirudishia. Akaniwekea mkono begani. Sikubishana. Picha ilikuwa nzuri mno kubishana nayo.

Ijumaa, 14 Juni

Imetundikwa!

Mzee aliomba kwanza aishike. Akakaa nayo magotini, akaanza kuzitaja zana moja moja kwa kidole. Huu msumeno alinunua mwaka aliooa. Hii randa ilimwangukia mguuni, kovu lipo. Kipimo hiki ni cha kitanda cha mke wangu alipokuwa mdogo, alichokivunja kwa kurukaruka. Sijawahi kumsikia akiongea dakika ishirini mfululizo. Alipofika kwenye patasi akakipangusa kioo cha picha ingawa hakikuwa na vumbi.

Kisha akafika dirishani. Akamwita mkewe. Mama mkwe alipojiona alipiga ukelele, akasema picha ivunjwe, itupwe, watu wataona kichwa chake. Mzee akasema kama kuna kitu kimoja hakitolewi kwenye picha hii ni hicho kichwa. Mama mkwe akageuka upande, akawa anapanga vikombe vya Mnara ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Mnara akanikumbatia. Mbavu zangu zikalia. Alisema mbele ya wote kwamba maisha yake yote husimama katikati kwa sababu ya urefu, watu humsukuma huko, naye hutabasamu tu kwa kukosa la kufanya. Mimi ndiye wa kwanza kumpa mahali penye maana. Kwamba nilimpanga pale, kwenye zana za mzee, kwa makusudi.

Ningesemaje? Nikasema ndiyo, kwa makusudi kabisa.

Baba mkwe akasema, "Ahsante, mwanangu. Ulinitisha, lakini ahsante." Mama mkwe akaniongezea nyama bila kuulizwa. Shemeji akaomba nimpige na yeye. Nimerudi nyumbani mwepesi. Mke wangu alinishika mkono mpaka kwenye kona ya kwetu.

Nimefikiri sana. Nadhani tangu mwanzo, ndani kabisa, hivi ndivyo nilivyokuwa nimepanga.

Jumapili, 16 Juni

Mawazo mapya! Chumba cha kuku, yaani ile karakana, kinahitaji mlango mpya. Wale wanafunzi wa chuo wamejitolea kuuchonga, shukrani kwa mzee. Wanachotaka ni vipimo tu. Mzee akaanza kutafuta futi, akakumbuka kwamba futi zote ziliondoka na gari, akataka kwenda kuazima kwa jirani.

Nikamwambia akae. Simu ina kipimo! Nimekigundua jana. Unaielekeza tu, unagusa huku, unagusa kule, inakwambia. Nimesimama mlangoni, nimegusa huku na kule. Upana: mita mbili na robo.

Mzee kasema kwa macho tu mlango ule hauzidi mita moja. Nikamjibu kwa adabu zote kwamba macho yana umri, simu haina. Mke wangu kashauri nipime hata mara ya pili. Nimeshawatumia chuo, na mwalimu kajibu kwamba mbao zimekatwa.

Mlango unaletwa Jumatano, unahitaji watu wanne wa kuubeba. Mnara kajitolea kuwa mmoja wao, ila kauliza kama hao kuku ni ng'ombe.

Wivu ni kitu kibaya sana.